Kantri iko hapa nyumbani: waimbaji wa kwenda kuwaona, na jinsi pesa yako inavyowafikia

Kama ulilelewa katika nyumba iliyokuwa na redio hapa Kenya, sauti ya Jim Reeves unaijua hata kama jina lake hulikumbuki. Ilikuwa inaingia na kipindi cha Sundowner kwenye idhaa ya Kiingereza ya KBC, mama akichambua sukuma na mzee akiwa amenyamaza kabisa, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Halafu Don Williams, halafu Skeeter Davis, halafu Kenny Rogers na Dolly Parton. Wengi wetu tukiwa watoto tuliamini hawa ni watu wa huku huku, labda wa Nakuru ndani ndani.

Sasa kuna kizazi kipya cha Wakenya kinachopanda jukwaani na kofia pana na buti, kikiimba muziki huo mbele ya watu waliolipa kiingilio. Makala haya ni yao. Tutakwambia nani wa kwenda kumwona na utamtambuaje yule ambaye bado hana jina. Na kwa sababu kazi yetu ni pesa ya simu, tutakwambia pia pesa yako inapita wapi kutoka kwa simu yako hadi kwa mwimbaji. Hiyo ya mwisho tuliijua kwa aibu kidogo. Tutafika huko.

Kwanza, usikubali kuambiwa ni muziki wa wageni

Kuna watu wakisikia Mkenya anaimba kantri wanacheka. "Kauboi wa Rongai," wanasema. Basi wape hii hadithi.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, na mashine yake ya kurekodi. Alikuta Wakipsigis wana nyimbo kuhusu mtu anayeitwa Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kantri. Sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku kabla ya watu kumjua mwenye sauti, jina likageuka katika ulimi wa Kikipsigis, na yeye mwenyewe akageuka kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa. Wasichana walimwimbia kwa kinubi cha kienyeji. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933, hakuwahi kukanyaga Kenya, wala hakujua kwamba kuna wasichana wa Bonde la Ufa wanaomwita. Mwenzetu mmoja ofisini ni wa kutoka Bomet, na tulipomtajia jina hilo alituambia bila kuinua macho kwenye kompyuta: "Hiyo nyanya yangu alikuwa anaijua."

Kwa hivyo kantri ina zaidi ya miaka 70 katika vilima vya Kericho. Katikati hapo Jim Reeves alizuru Afrika Kusini na kucheza filamu huko, Kimberley Jim, iliyotoka 1963, mwaka mmoja kabla ya ajali ya ndege iliyomuua. Don Williams naye alifika Harare mwaka 1997 na tamasha lake likarekodiwa. Na hapa kwetu, ukimsikiliza mpiga gitaa mmoja wa mugithi siku ya Jumamosi, utasikia katikati ya nyimbo za Kikuyu anateleza na kuingia kwa Kenny Rogers, na baa nzima inaimba naye bila kukosea neno. Hakuna anayeona ajabu.

Ndiyo maana Julai 2024 Ngong Racecourse ilipojaa watu wa kofia za kauboi, mashati ya drafti na buti za ngozi kusherehekea siku ya kauboi, sisi hatukushangaa sana. Tulishangaa tu kwamba wengi wao walikuwa wa rika letu. Tulidhani hii ni starehe ya wazee. Kumbe vijana wameingia kwa mlango mwingine: mwaka huo huo Beyoncé alitoa Cowboy Carter, na Shaboozey, kijana wa Virginia ambaye wazazi wake ni Wanaigeria, alikaa namba moja Marekani kwa wiki 19 na wimbo wake wa baa. Kijana aliyeanzia kwa Shaboozey akirudi nyumbani anakuta baba yake ana kaseti za Jim Reeves, na kwa mara ya kwanza wana kitu cha kuongea.

Nani wa kwenda kumwona

Tuanze na kipimo. Kabla hujaenda kutafuta chipukizi, mwone Sir Elvis japo mara moja. Jina lake ni Elvis Otieno, na ndiyo, ni Elvis wa Presley. Yeye si chipukizi hata kidogo, amekuwa kwenye kazi hii miaka mingi na ndiye watu wengi humwita mfalme wa kantri Kenya. Lakini ukishamsikia akiimba, sikio lako linajua kiwango kiko wapi. Sauti yake ni nzito na haina haraka. Angalia anavyongoja. Mwimbaji mchanga huwa anaogopa kimya, anajaza kila nafasi na kelele. Sir Elvis anakiacha kimya kikae.

Kisha mtafute Esther Konkara. Katika muziki huu hapa kwetu wanawake wanaoshika maiki ni wachache, na yeye ni miongoni mwa wale wanaofanya kantri isikike kama kitu cha leo, si kumbukumbu tu ya redio ya zamani. Tungekushauri uende mapema akiwa kwenye orodha, usiingie saa tano ukitafuta kiti. Na kama una binti nyumbani anayejifunza gitaa, mwonyeshe. Kuna tofauti kubwa kati ya kuambiwa unaweza na kumwona mtu anafanya.

Baada ya hao wawili, ushauri wetu unabadilika. Hatutakupa orodha ya majina kumi. Orodha ya chipukizi huzeeka haraka kuliko maziwa, na nusu ya watu bora tuliowasikia hawana hata bango. Tutakwambia wako wapi.

Wako saa mbili usiku. Hii ndiyo siri kubwa kuliko zote. Bango la klabu linamtaja msanii mkubwa, naye atapanda saa nne au saa tano. Kabla yake kuna mtu. Huyo mtu anaimba viti vikiwa tupu, wahudumu wakipanga chupa, fundi wa sauti akiwa bado anabishana na spika. Ukifika saa mbili utamsikia vizuri, utapata kiti cha mbele, na kiingilio huwa ni kile kile. Klabu nyingine hata hukuacha uingie bure kabla ya saa fulani. Wengi wa wale tuliowapenda mwaka huu tuliwapata hapo, kwenye saa ya viti tupu.

Wako pia kanisani. Sikiliza bendi za vijana wa kanisa, hasa huku milimani, utaona gitaa linapigwa kikantri kabisa na hakuna anayeliita hivyo. Wengi wa hawa wanaimba Jumapili asubuhi na Ijumaa usiku, na mchungaji anajua au hajui, hayo si yetu.

Na wako kwenye baa za miji midogo, mtu na gitaa lake na kinanda kidogo cha kumpigia ngoma. Nyahururu, Naivasha, Eldoret, Kericho. Ukisafiri kikazi na umelala huko, uliza tu mhudumu: "Nani anaimba za Jim Reeves hapa?" Utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza.

Utajuaje kama ni mzuri? Kuna ubishi ofisini kuhusu hili. Mmoja wetu anasema angalia kama watu wanaacha kuongea. Mwingine anasema hapana, baa ya Kenya haiachi kuongea hata kwa malaika. Mimi na wewe tukubaliane na kipimo hiki: ngoja aimbe wimbo wake mwenyewe. Mtu yeyote mwenye sauti nzuri anaweza kubeba wimbo wa Don Williams, kwa sababu Don Williams ameshafanya kazi yote. Lakini kantri ni muziki wa hadithi. Ina mtu, mahali, na jambo lililoharibika. Chipukizi akiimba juu ya barabara ya Tennessee ambayo hajawahi kuiona, ni sawa, ni burudani. Akiimba juu ya shamba la majani chai lililouzwa ndugu mmoja akiwa Qatar, hapo weka glasi chini.

Kitu kingine, kidogo: usiogope kucheza. Kule watu hupanga mistari na kwenda hatua moja wote pamoja. Mistari miwili ya kwanza inajua, mistari ya nyuma inafuata kwa kukosea. Simama nyuma.

Usiku ule tulipokosea

Sasa hadithi yetu. Wiki kadhaa zilizopita timu yetu, watu sita, ilitoka kazini Ijumaa na kwenda klabu moja Nairobi kulikokuwa na usiku wa kantri. Tulilipa shilingi 500 kila mmoja getini. Tulifika saa mbili kasorobo, kwa sababu tunafuata ushauri wetu wenyewe.

Aliyepanda kwanza alikuwa kijana wa miaka kama yetu, hana kofia, amevaa sweta. Aliimba Jim Reeves tatu vizuri sana. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba ana wimbo wake mmoja. Ulikuwa wa Kiswahili na Kikuyu, kuhusu baba anayepeleka maziwa kwa ushirika kila alfajiri na kurudi na karatasi badala ya pesa, mwezi baada ya mwezi, na karatasi zinajaa ndani ya kabati. Wimbo wote ni hizo karatasi. Hakuna mtu anayekufa. Mezani kwetu hakuna aliyesema kitu.

Kwenye kila meza kulikuwa na kibao kidogo chenye namba ya till. Mmoja wetu akasema tumtuze. Watu wa Pwani wanaelewa jambo hili kuliko sisi wa bara: kwenye taarabu, kumtuza mwimbaji ni sehemu ya wimbo, unainuka na noti unampelekea, kila mtu anaona. Sisi, watu wa kisasa, tulitoa simu. Huyu mia tatu, yule mia mbili, mwingine mia tano. Jumla yetu ilifika shilingi 1,700. Tulijiona watu wazuri sana.

Saa sita kasoro tulimkuta nje akingoja gari, gitaa mgongoni. Tukamsifu. Tukamuuliza kwa ujanja kama alipata "kitu kidogo" yetu. Akauliza, "Kitu gani?"

Till ilikuwa ya klabu. Ile namba ni ya kulipia soda na nyama. Pesa yetu iliingia kwenye hesabu ya baa pamoja na chipsi za usiku mzima. Tulirudi ndani kumwona msimamizi. Hakuwa mtu mbaya, alituambia ukweli: malipo yote yanaingia mahali pamoja, yeye haoni ni ipi ya chupa na ipi ya kumtuza mtu, na hata kama angeiona, kuitoa si uamuzi wake. Tulikuwa na meseji sita za uthibitisho mkononi na hatukuwa na neno la kusema. Watu ambao mchana kutwa wanaandika "hakikisha jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN"! Jina la klabu lilikuwa limeandikwa pale kwenye skrini, herufi kubwa. Hatukulisoma kwa sababu tulikuwa bado ndani ya wimbo.

Kijana alikuwa amelipwa na klabu kwa usiku ule kiasi ambacho hatutakitaja, maana ni siri yake, lakini nauli ya kurudi na gitaa usiku ilikula sehemu kubwa. Tulimtumia upya kwa namba yake, kila mtu kiasi kile kile, mbele yake, jina likisomwa kwa sauti. Hivyo ule wimbo ulitugharimu mara mbili, na bado ulikuwa na thamani hiyo.

Kwa nini hiyo mia mbili ni kubwa kuliko unavyofikiri

Wengi hudhani mwimbaji akiimba wimbo maarufu anapata "pesa ya wimbo". Hapana. Mrabaha ni wa mwenye utunzi na mwenye rekodi, na hukusanywa na vyama vinavyopewa leseni na KECOBO. Chukua The Gambler, wimbo ambao kila Mkenya anaujua. Hata Kenny Rogers mwenyewe hakuutunga, uliandikwa na Don Schlitz. Kijana wako wa Ijumaa akiuimba, yeye anabaki na vitu viwili tu: malipo ya klabu na unachomtuza wewe. Ndiyo sababu chipukizi anayeimba nyimbo za wengine usiku kucha anaweza kushangiliwa na watu 200 na kurudi nyumbani kwa miguu.

Akiwa na wimbo wake, mambo hubadilika kidogo. Anaweza kuusajili, kuuweka mtandaoni, kuuza kama mlio wa simu. Lakini safari hiyo inahitaji pesa ya studio, na pesa ya studio inatoka wapi? Inatoka kwa meza kama yetu.

Kwa hivyo ukitaka kumtuza mwimbaji, muulize yeye namba. Muulize yeye mwenyewe, au yule aliyeshika maiki aitangaze. Wengine wameandika namba kwenye kipande cha kadibodi wakaiegemeza kwenye spika, hapo ni sawa, mradi kadibodi imewekwa na mwenyewe. Weka namba, weka kiasi, halafu simama. Soma jina. Linafanana na la mtu aliye jukwaani? Wasanii wana majina ya jukwaani, kwa hivyo usishangae "Cowboy" akigeuka Peter, lakini ukiona jina la kampuni au la hoteli, ujue hiyo pesa inaenda jikoni. Ukitaka kutuma kidogo, tuma kidogo. Shilingi 50 kutoka kwa watu 40 ni shilingi 2,000, na huo ni muda wa studio.

Weka PIN ukiwa umegeuza simu kifuani. Klabu ina giza, lakini skrini yako haina. Tumepokea malalamiko ya kutosha ya watu waliochunguliwa PIN mezani, simu ikapotea dakika kumi baadaye, na pesa ikatoka kabla ya wimbo kuisha.

Tiketi za matamasha makubwa

Usiku wa klabu unalipia getini, hauna shida nyingi. Shida iko kwa matamasha ya wazi, yale ya kofia na farasi, ambako tiketi huuzwa wiki kadhaa kabla. Hapo ndipo matapeli huvuna.

Wanachofanya ni rahisi na hakihitaji akili nyingi. Wanachukua bango halisi, wanafuta paybill ya mwandalizi na kuweka namba ya simu ya kawaida, kisha wanalisambaza kwenye magrupu. Picha ni ile ile, wasanii ni wale wale, tarehe ni sahihi. Kilichobadilika ni tarakimu kumi tu. Mara nyingi wanaongeza "bei ya mapema, inaisha leo saa kumi" ili usipate muda wa kufikiria. Mteja wetu mmoja alinunua tiketi nne kwa njia hiyo, za mke wake na wazazi wake wawili. Baba yake ni mpenzi wa Jim Reeves tangu shule. Walifika getini wote wanne wamevaa wakapendeza, mzee na kofia mpya, na kijana wa geti akapitisha mashine juu ya ile picha na hakuna kilicholia. Mteja alitupigia akiwa hapo hapo getini. Namba aliyotumia ilikuwa ya mtu binafsi, na pesa ilikuwa imetolewa kwa wakala siku tatu nyuma. Hatukuweza kumrudishia. Hiyo simu bado inatuuma.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukiona bango, usilipe kutoka kwa bango. Nenda kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe, au wa mwandalizi, uone namba iliyoko huko. Zikitofautiana hata tarakimu moja, achana nayo. Ukilipa, jina linalotokea liwe la mwandalizi au la kampuni ya kuuza tiketi, si la Kevin fulani. Na ujue kwamba meseji ya uthibitisho wa malipo si tiketi. Tiketi huja kivyake, mara nyingi kama msimbo wa kupiga picha getini. Usipoupata ndani ya saa chache, fuatilia siku hiyo hiyo, si asubuhi ya tamasha.

Ukishapata huo msimbo, tafadhali usiuweke kwenye status. Tunajua una furaha. Lakini msimbo ni kama ufunguo: anayetangulia kuingia nao ndiye mwenye nyumba. Weka picha ya buti zako badala yake.

Ukikosea namba, omba kurudishiwa mara moja, dakika hiyo hiyo, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu na kulia. Pesa ikiwa bado iko kwa aliyepokea inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa, njia inakuwa ndefu na wakati mwingine haifiki popote. Na kinyume chake: mtu akikupigia usiku kwamba amekutumia pesa ya tiketi kimakosa na anataka uirudishe haraka, angalia salio lako kwanza, usiangalie meseji aliyokutumia. Kama pesa imeingia kweli, mwambie aombe irudishwe kwa njia rasmi. Mtu mwaminifu hatakasirika.

Neno kwa waimbaji wenyewe, maana tunajua mnasoma

Tenganisha namba ya kazi na ya nyumbani. Si kwa ajili ya mahesabu tu. Namba unayoitangaza jukwaani inajulikana na watu usiowajua, na si vizuri iwe ile ile mama anakupigia nayo. Fungua namba ya biashara ndogo yenye jina linalofanana na lile la bango, ili mtu wa mezani akisoma jina asisite.

Kabla ya kupanda, ongea na klabu kuhusu tuzo. Mkubaliane, japo kwa meseji, kwamba zawadi za wateja ni zako na kwamba namba yako itawekwa mezani kando ya till. Klabu nyingi hazikatai, hazijaulizwa tu. Ile klabu ya hadithi yetu, kwa mfano, sasa ina vibao viwili kwenye kila meza. Tuliwaona Ijumaa iliyopita.

Na mtu akikuonyesha meseji ya "nimetuma" kwenye simu yake, mshukuru halafu angalia simu yako. Meseji za uongo zinatengenezwa hata na watoto. Hasa ukiwa unauza fulana au unapokea amana ya harusi, usimpe mtu mzigo wala tarehe kabla ya uthibitisho wa kwako kuingia.

Yule kijana wa sweta ataimba tena mwisho wa mwezi huu, saa mbili, kabla ya msanii wa bango. Safari hii amesema atakuja na nyimbo zake tatu. Sisi tutakuwa meza ya pili kutoka mbele, upande wa kushoto, na mmoja wetu amepewa kazi ya kusoma jina kwa sauti kabla mtu yeyote hajaweka PIN.